Je, Ni Vibaya Kumlilia Mnyama?



Hivi karibuni, baada ya ibada ya watoto, binti mmoja wa hapa kambini alimwuliza mwalimu wake kama mbwa wake aliyekufa amekwenda kwa Mungu. Watu wazima waliosikia walicheka. Mama mmoja akasema, "Sisi tumezika watu, wewe unamlilia mbwa?" Tusimlaumu mama huyo. Tangu vita vya Desemba 2013 wengi wetu tumepoteza ndugu, na wengine hatujui hata walipolazwa. Mbele ya msiba kama huo, mbwa ni nini?

Hata hivyo swali la mtoto ni la haki. Wala tusiseme kwamba huzuni ya namna hii ni mambo ya Wazungu. Nchi yetu inaijua kuliko nchi nyingi. Kijana wa Kinuer au wa Kidinka hupewa maksai, akaitwa kwa jina la mnyama huyo, akamtungia nyimbo. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyeandika juu ya Wanuer mwaka 1940, alilieleza jambo hilo kwa kirefu, lakini wazee wetu hawakuhitaji kitabu chake. Nendeni Terekeka mkawaone Wamundari wanavyolala katikati ya ng'ombe wao. Mtu wa namna hiyo akifiwa na mnyama wake, amepotewa na sehemu ya jina lake.

Sasa tufungue 2 Samweli, sura ya 11 na ya 12. Daudi amemwua Uria kwa hila. Habari ya kifo ilipomfikia hakulia. Alimtumia Yoabu ujumbe kwamba asisumbuke, maana upanga huua huyu na yule. Lugha hiyo tunaijua sana hapa Juba: "Ni vita tu." Ndipo Mungu akamtuma Nathani, naye nabii hakuanza na Uria. Alianza na mwana-kondoo mmoja wa maskini, aliyekula chakula cha bwana wake na kulala kifuani pake kama binti. Mfalme ambaye hakutoa chozi kwa ajili ya mtu aliwaka hasira kwa ajili ya kondoo! Na kwa njia hiyo moyo wake ukafunguka, akaiona damu ya Uria.

Mimi naona jambo kama hilo linatupata na sisi. Moyo uliozika wengi hujifunga, usije ukapasuka. Wakati wa mapigano ya Julai 2016 watu walitoka hapa mjini mbio, wengine hadi Uganda kupitia Nimule, wakaacha mbuzi wamefungwa na mbwa mlangoni. Hakuna aliyepata nafasi ya kulia. Leo mbuzi mmoja anakufa, na mtu mzima analia siku mbili hata yeye mwenyewe anashangaa. Machozi hayo si ya mbuzi peke yake. Basi tusiwatukane wafu wetu kwa kudhani kwamba wanaona wivu.

Na je, mnyama huenda wapi? Hapa mhubiri awe mwangalifu, asiahidi kuliko alivyopewa. Mhubiri 3:21 inauliza habari ya roho ya mnyama, wala haijibu. Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua vikingojea kuwekwa huru. Sikuti mstari unaosema mbwa fulani atafufuka, wala sikuti unaosema amesahauliwa. Katika Mathayo 10 Bwana alichagua shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, naye hakusema kwamba shomoro haanguki. Anaanguka kweli, lakini Baba yupo hapo.

Mzazi, mtoto wako akiuliza, mwambie hivyo hivyo, usimwongezee hadithi. Mkimfukia mnyama, mwache mtoto naye aweke udongo. Katika maombi ya jioni mshukuruni Mungu kwa ajili ya mnyama huyo, mkimtaja kwa jina lake kama alikuwa nalo, kisha endeleeni kuwataja, mmoja mmoja, wale ambao hamkupata nafasi ya kuwazika.