Jina Lisilotajwa Usiku
Jirani yangu wa Katuba alisomea Moscow, katika chuo kilichopewa jina la Lumumba mwaka 1961, wiki chache baada ya Lumumba kuuawa karibu na mji wetu huu wa Lubumbashi. Yeye ndiye aliyenieleza neno medved. Kwa Kirusi ni dubu, lakini maana yake ya asili ni mla asali. Wataalamu wa lugha wanaona kwamba watu wa kale waliogopa kumtaja mnyama huyo wasije wakamwita. Jina lake la kale, ambalo Wagiriki walilihifadhi kama arktos, likapotea kwa Warusi.

Bibi yangu naye, jua likishatua, nyoka alimwita kamba. Mimi ni katekista, na nimesikia desturi hiyo ikiitwa ushirikina. Sikubali. Wayahudi, wakifika kwenye herufi nne za jina la Mungu, husoma Adonai, yaani Bwana, hata matamshi ya awali yamesahaulika. Kumwogopa dubu si kumcha Mungu, najua. Lakini wote hao waliamini kwamba kutaja ni kutenda.

Ndiyo maana mikesha ya maombi mtaani inanisumbua. Wachawi hutajwa kwa kipaza sauti mpaka alfajiri, na wakati mwingine anayetajwa ni mtoto. Akishaitwa mchawi, hata nyumbani hawamwiti tena kwa jina lake. Wengine huishia kulala barabarani. Nikikutana na mtoto wa namna hiyo, namwita jina alilobatizwa nalo, kwa sauti, mbele ya watu.