Wanaokuja kusoma umasikini wetu



Kila ifikapo Juni hadi Agosti, vyuo vya Ulaya na Marekani vikiwa likizo, huja huku kwetu Mwanza makundi ya wanafunzi wa kigeni. Si wote wanaokuja kwa ajili ya simba wa Serengeti. Wapo wanaokuja na madaftari, na ukiwauliza wanasoma nini watakwambia wanasoma athari za utandawazi katika nchi zinazoendelea. Hukaa wiki mbili au tatu, wakizidi sana mwezi. Huenda mwaloni, huenda sokoni, hupelekwa na kijijini. Huuliza, huandika, hupiga picha, kisha huondoka, na walichoandika huwapatia alama katika shahada zao.

Swali langu ni hili: je, ni haki maisha magumu ya mtu mmoja kuwa somo la mtu mwingine? Na kama ni haki, ni kwa masharti gani? Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, si mchumi, lakini swali hili naliona ni la maadili kabla ya kuwa la uchumi.

Kwanza tukubali kwamba darasa wamelichagua vizuri. Anayetaka kuujua utandawazi asisome nadharia tu, amfuatilie sangara. Samaki huyu hakuwamo katika Ziwa Victoria. Aliingizwa na watu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa ukoloni, akaongezeka, akala furu mpaka aina nyingi za furu zikatoweka. Nchi yetu ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 na milango ya biashara ikafunguliwa, haikuchukua muda mrefu viwanda vya minofu vikasimama hapa Mwanza, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya. Bondo, yaani kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki, likaenda kutafutiwa soko China, na leo kilo ya mabondo ina bei ambayo kilo ya mnofu haiioti. Kichwa na mifupa vikabaki hapa. Tukaviita mapanki, akina mama wakavikaanga, na mtu wa kipato cha chini akapata kitoweo.

Hebu tuliangalie jambo hili bila ushabiki. Biashara hiyo ilileta ajira, na anayekataa hilo hajawahi kuishi Mwanza. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa sangara. Lakini ilileta pia utegemezi. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwa hoja za bakteria, kipindupindu, na mwisho sumu iliyodaiwa kutumiwa katika uvuvi. Uamuzi ulitolewa Brussels, na mvuvi wa kisiwani ambaye hajui Brussels iko wapi akaambiwa hakuna mnunuzi. Sisemi hoja zote zilikuwa za uongo. Nasema aliyeamua na aliyeumia hawakuwahi kukaa meza moja. Nijuavyo mimi, huo ndio utandawazi, na mwanafunzi akija kuuona hapa hakupotea njia.

Wapo wenzetu wanaosema wageni hawa wazuiliwe kwa sababu wanatudhalilisha. Kumbukumbu iliyowakaa kichwani ni ile filamu ya Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004 na kuzunguka dunia nzima ikionyesha Mwanza ya mapanki, ndege za mizigo na watoto wa mitaani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, na mjini kwetu watu walikasirika. Kwa mtazamo wangu hasira ile ilichanganya mambo mawili. Moja ni kama yaliyoonyeshwa ni kweli, na hilo linajadilika kwa ushahidi. La pili ni kama ni haki kumwonyesha mtu katika udhaifu wake mbele ya watu asiowajua, na hili halimalizwi na ushahidi wowote. Hata kama kila picha ilikuwa ya kweli, swali bado lipo.

Hapa elimu tunayofundisha ina neno la kusema. Kila mwanafunzi wa madrasa anajua kwamba kusengenya si lazima useme uongo. Ukimsema nduguyo kwa jambo la kweli alilonalo, ambalo angechukia kulisikia likisemwa, umemsengenya. Likiwa la uongo, hilo ni kosa jingine zito zaidi. Kwa hiyo utetezi wa “lakini ni kweli” hautoshi. Pamoja na hayo wanachuoni hawakufunga mlango. Imamu Nawawi ametaja hali sita ambazo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kumwondolea dhulma, na mtu kuomba msaada wa kuondoa ovu. Tazama mantiki yake. Maneno yale yale, kuhusu mtu yule yule, ukiyapeleka barazani ni dhambi, na ukiyapeleka kwa hakimu ni haki. Kinachotenganisha ni kule yanakopelekwa, na kwa nia gani.

Basi na mgeni wetu tumpime kwa kipimo hicho. Daftari lake linakwenda wapi? Likienda kwa anayeweka bei, anayetunga masharti ya biashara, au anayenunua ule mnofu dukani kwake bila kujua umetoka wapi, basi amebeba ushahidi. Likiishia kuwa albamu ya picha na simulizi za chakula cha jioni, kwamba masikini wale wana furaha ajabu, basi ametusengenya hata kama ametusifia. (Sifa hii ya furaha yetu nimeshaichoka kuisikia. Hakuna anayechekelea mapanki.)

Niliwahi kuombwa kuwa mkalimani wa kundi moja la namna hii. Mama mmoja mkaanga mapanki aliwajibu maswali yao yote kwa subira: mtaji, faida, kuni, watoto wangapi, nani anasoma na nani kaacha. Walipomaliza akanigeukia, “Mwalimu, hebu na mimi niulizie. Wakishajua, watafanya nini?” Nikawatafsiria. Binti mmoja akasema kwa ukweli wa moyo kwamba hajui. Nililiheshimu jibu lile kuliko ahadi nyingi za misaada nilizowahi kusikia. Mama naye hakuchukia. Alisema, “Basi mwambie akijua anipe habari,” akageuza mapanki yake.

Ipo historia inayofaa hapa. Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa Khwarazm mwaka 973. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliitwaa nchi yake, na mwanachuoni huyo akachukuliwa kupelekwa Ghazna. Mahmud alikuwa akiivamia India mara kwa mara, na Biruni alifika India kwa njia iliyofunguliwa na upanga huo. Kwa hiyo naye alikuwa mwanafunzi aliyesafiri nyuma ya nguvu, kama hawa wanaosafiri nyuma ya ndege za minofu. Lakini tazama alichofanya. Alijifunza Kisanskriti, lugha aliyokiri kuwa ngumu. Aliketi na wasomi wa Kihindu akawauliza. Alipoandika kitabu chake juu ya India, karibu mwaka 1030, alikusudia kuyaeleza wanayoyaamini wao kama wanavyoyaeleza wao, si kuwakebehi. Hakuficha kwamba mashambulizi ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi ile, naye anaandika akiwa chini ya dola hiyo hiyo. Na la zaidi, hakuchukua tu. Alijishughulisha kuwatafsiria Wahindi vitabu vya hesabati na nyota, kikiwemo cha Euklidi, kwa lugha yao.

Huyu ndiye ninayemtumia darasani ninapoulizwa tofauti ya mwanafunzi na mtalii. Sidai kila kijana wa miaka ishirini awe Biruni. Wiki tatu hazitoshi kujifunza Kisukuma, wala Kiswahili. Lakini zinatosha kujifunza jina la mtu unayempiga picha, kumwomba ruhusa, kumlipa muda wake aliouacha biashara, na kumrudishia alichokuambia kikiwa kimeandikwa kwa lugha anayoielewa. Watafiti wakubwa wanapaswa kuomba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Hawa wa safari za masomo mara nyingi huingia kama wageni wa kawaida, na hakuna anayewauliza daftari linakwenda wapi.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko picha. Safari hizi ni za upande mmoja. Kijana kutoka nchi nyingi za Ulaya hulipa dola 50 za viza, anaweza kuipata hata akishafika uwanja wa ndege, akaja kuuchunguza umasikini wa Mwanza. Kijana wangu wa hapa akitaka kwenda kuuchunguza utajiri wa Ulaya, kwa viza ya Schengen atalipa euro 90 tangu mwaka 2024, ataonyesha taarifa za benki ambazo baba yake hana, na akinyimwa pesa hairudi. Matokeo yake ni kwamba tunachunguzwa sisi tulio kwenye ncha ya athari, na kule kwenye chanzo hakuna Msukuma mwenye daftari. Nani anamuuliza mwenye duka la samaki kule faida yake ni kiasi gani, kama mama wa mapanki alivyoulizwa ya kwake? Nani anaingia jikoni kwake kumhesabia watoto? Angeita polisi.

Wengine watasema hili si kosa la wanafunzi. Ni kweli, sheria za viza hazitungwi na wao. Ila vyuo vyao vinaweza kuamua kwamba kila kundi la vijana kumi linalokuja, wawili wa kwetu waende, wakakae Rotterdam au Brussels wiki tatu, wahoji wanunuzi na wale wanaoandika kanuni za afya ya samaki, nao waandike athari za utandawazi katika nchi zilizoendelea. Chuo kinachoshindwa hilo kwa sababu ya gharama kituambie kinatumia kiasi gani kuwaleta wale kumi.

Na sisi tusikae tukisubiri kualikwa. Muhula huu nimewapa vijana wangu wa kidato cha tatu kazi ya kwenda mwaloni Jumamosi tatu mfululizo, waandike bei ya sangara kwa kilo anapotoka mtumbwini, bei ya bondo na bei ya panki, na wamjue kila mmoja aliyeshika mzani. Jumamosi ya kwanza walirudi wakibishana. Mmoja alisema si adabu kumuuliza mtu mzima faida yake. Mwingine akasema wazungu mbona wanauliza. Wa tatu akataka kujua wakimaliza daftari atapewa nani. Nimewaambia nakala ya kwanza ni ya wale waliohojiwa, na asiyejua kusoma asomewe. Sasa wanabishana nani ataisoma.