Daraja la Kyaka na Nyumba za Masaka

Sisi wa Bukoba na Muleba tuliozaliwa baada ya vita tumesimuliwa jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyoingia Kagera mwaka 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa. Kumfukuza mvamizi ilikuwa haki, hapo hatusiti. (Kama ilipasa kuendelea hadi Kampala, wengine wabishane.) Lakini Februari 1979 askari wetu walipoiteka Masaka, walilipua majengo ya mji kulipiza. Hapo wazee wetu hupita haraka. Paulo aliwaambia Warumi wamwachie Mungu kisasi, na aliyelala nje Masaka hakuwa Amin. Tunawaombea mashujaa wetu ibadani. Mbona wale hatujawahi kuwataja, nasi tunavuka Mutukula kufanya nao biashara?