Bolti Iliyokatika: Kudra au Mkono wa Fundi?

Bolti iliyoshika kutu inapokatika, mwenye gari na fundi hubaki wakitazamana, na swali huwa moja: ni kudra ya Mungu, au ni mkono wa mtu? Tabora swali hili lina umri mkubwa kuliko magari. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na mpagazi wa Kinyamwezi alitembea na kilo 30 hivi za mali ya mwenziwe begani. Mzigo ukizama mtoni, nani alipe? Leo amana ya namna ile ile hukabidhiwa gereji, pamoja na lori lililotoka Nzega au Urambo.

Kwanza chuma chenyewe. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hujaa kwenye meno na kuibana nati kutoka ndani. Fundi anayejua kazi husugua kwa brashi ya waya, hutia mafuta mepesi na kuyaacha yapenye, pengine usiku kucha. Kisha hugonga kichwa cha bolti kwa nyundo, huikaza kidogo ndipo ailegeze, mbele na nyuma, huku akisikiliza. Ikitoa mlio mkavu, kutu inaachia. Spana ikianza kwenda laini, kama inayovuta mpira, bolti haizunguki: inajinyonga, na iko karibu kukatika. Hapo aliyefundishwa huacha, akatafuta moto wa gesi wa kuitanua nati. Asiyejali huvisha paipu kwenye spana, akajitupa na uzito wake wote.

Likishatokea la kutokea, wote wawili husema Mungu ndiye aliyepanga. Ni kweli, na hasa kwa Waislamu wengi wa Tabora: mapokeo ya Imamu al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, yanafundisha kwamba Mungu huumba kila tendo na mja hulichuma. Lakini kudra iliyokusanya kila kitu imekusanya na lile paipu, na uamuzi wa kulivisha. Neno linaloenea kila kitu haliwezi kumtoa mtu mmoja hatiani. Kulitumia hivyo ni kumtwika Mungu deni la binadamu.

Wanasheria wa Kiislamu waliliona hilo mapema. Inasimuliwa kwamba Khalifa Ali aliwatoza mafundi mali iliyoharibikia mikononi mwao, kwa maslahi ya watu, na wafuasi wa Imamu Malik wakashika njia iliyo karibu na hiyo. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii, madhehebu ya Wasuni wengi wa Afrika Mashariki, humhesabu fundi kuwa mwenye amana: halipi ila amevuka mpaka au amezembea. Kauli hii ina haki zaidi kwa bolti, maana chuma kikuukuu hukatika hata katika mkono mwema. Ugumu wake ni kwamba mpaka wenyewe anaujua fundi peke yake. Mwenye gari hakuwapo mafuta yalipotiwa, wala hakuihisi spana. Kwa Wakatoliki, ambao Tabora ni makao ya jimbo kuu lao, Thomas wa Akwino anafika karibu na hapo: kutojua jambo ambalo mtu alipaswa na aliweza kulijua hakumwondolei kosa.

Kwa hiyo uzembe hupimwa kabla ya bolti kukatika. Fundi aliyeiloweka, akaipasha moto, akamwambia mwenyewe mapema kwamba huenda ikakatika, ametimiza amana. Kazi inayofuata, ya kupiga alama katikati ya kisiki cha bolti kilichobaki, kukitoboa, au kuchomelea nati juu yake ili kizunguke kingali cha moto, ni gharama ya mwenye gari. Aliyeanza na paipu huifanya kazi hiyo hiyo kwa fedha yake, na meno ya injini yakiharibika wakati wa kutoboa, huyalipa nayo.