Samweli Aliogopa Kusema

Walimu wa sheria, nanyi mawakili waandamizi ambao vijana wetu huja kujifunza kazi chini yenu, naombeni mnisikilize. Katika Biblia, kijana Samweli aliitwa na Mungu usiku mara nne, na mara tatu za kwanza aliamka akakimbia kwa mzee Eli. Hapo ndipo tunapopapenda, na ndipo tunapowasimulia watoto. Lakini habari haikuishia usiku. Kulipokucha Samweli alikuwa na neno zito kifuani, neno baya juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, naye akaogopa. Alifungua milango ya hekalu kama kawaida yake, akanyamaza. Eli ndiye aliyemwita, akamwita mwanawe, akamsihi asimfiche kitu.

Sisi tumewafundisha wanafunzi wetu kukimbia wanapoitwa. Kusema asubuhi hatujawafundisha!

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Nilikuwa fildi katika ofisi moja ya mawakili, kazi yangu kupanga majalada na kubeba mkoba wa mzee hadi mahakamani. Jioni moja nilikabidhiwa maombi ya mama mmoja aliyetaka kuongezewa muda wa kukata rufaa katika kesi ya kiwanja. Nitoe nakala, nigonge mihuri, asubuhi yafike masjala. Nikiwa napanga karatasi nikaona hati ya kiapo haina tarehe kule chini, pale ambapo kamishna wa viapo huandika mwapaji amekula kiapo wapi na lini. Sheria inataka mahali na tarehe vionekane. Nilikuwa nimelisoma hilo darasani, nikalipatia alama nzuri. Nikautazama mlango wa mzee. Taa ilikuwa bado inawaka. Nikajiambia, huyu ana zaidi ya miaka ishirini katika kazi hii, mimi ni nani? Nikazibana karatasi kwa stepla.

Upande wa pili ukaleta pingamizi la awali juu ya tarehe hiyo, na maombi yakaondoshwa mahakamani. Mama alikuwa benchini nje, kipochi mapajani. Kiingereza kilichosemwa ndani hakukielewa, akaniuliza mimi niliyezoea kumpa kiti ofisini: "Mwanangu, tumeshinda?"

Sitaki mwanafunzi mwingine aulizwe swali lile akiwa na siri niliyokuwa nayo mimi.

Tumelelewa kuamkia wakubwa, kupokea kwa mikono miwili, kutomkata mzee kauli. Ni malezi mema, nami siombi yaachwe. Ninachokataa ni kuuita woga heshima. Mkubwa anapoachwa aingie mbele ya jaji akiwa na kosa ambalo mdogo wake ameliona tangu jana, hapo hakuna heshima. Ametelekezwa, yeye na mteja wake.

Mwaka 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalipotoka, nchi nzima ilishtuka: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Tukabishana juu ya vyuo vikuu, juu ya Kiingereza, juu ya taasisi yenyewe. Mjadala ule ulihitajika. Ila mtihani hupima kile mtu anachokijua. Haupimi kama atakisema mbele ya mkubwa saa kumi na mbili jioni, ofisi ikiwa inafungwa.

Basi tuwazoeze kusema! Mwalimu, mpe mwanafunzi agizo kama atakavyolipata kazini, la nusu sentensi, simu ikiwa sikioni: "Hebu niangalizie muda wa ile kesi ya Temeke." Akiondoka mbio kwenda maktaba, mrudishe. Kesi ipi? Ikiwa ni mkataba, muda ni miaka 6. Ikiwa ni shauri la madhara, miaka 3. Kudai ardhi, 12. Na miaka hiyo inahesabiwa kuanzia lini? Asiyeuliza atatafuta usiku kucha jibu la swali ambalo hakuna aliyelitaka. Siku nyingine weka kosa makusudi katika hati ya madai, uwagawie Ijumaa jioni bila kuwadokeza, na alama umpe atakayebisha hodi kwako kabla ya Jumatatu.

Wafundishe na namna ya kulisema. Faraghani, si mbele ya mteja. Kifungu mkononi, na dawa ikiwa imeshatafutwa: "Shikamoo mzee. Kwenye kiapo cha mama sioni tarehe. Kamishna bado yuko ofisini kwake, naomba ruhusa niwahi." Ni dakika moja tu. Mimi dakika hiyo niliikosa, na nimeibeba mpaka leo.

Na kosa likiwa la kwako mwenyewe, kijana, lipeleke siku hiyohiyo. Umekosea kuhesabu siku? Sema! Mahakama zetu humtaka anayeomba kuongezewa muda aeleze kila siku aliyochelewa, moja baada ya nyingine. Kila siku unayokaa kimya ukitafuta ujasiri, mteja ndiye atakayedaiwa maelezo yake. Vilevile mteja akikusimulia pale benchini jambo linalopingana na kilichoandikwa kwenye jalada, usinyamaze. Wewe ndiye aliyekaa naye. Huenda hakuna mwingine ofisini aliyelisikia.

Nanyi wazee wangu, nusu ya mahubiri haya ni yenu. Ukimfokea kijana mmoja mbele ya makarani, umewafunga midomo wote watakaokuja baada yake, maana habari hiyo watapokezana kama funguo za ofisi. Eli alisikia hukumu ya nyumba yake kutoka kwa mtoto aliyemlea, wala hakumlaani mtoto. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini sikio alilitega.

Jioni hii, kabla hujazima taa, kuna kijana amesimama karibu na mlango wako na jalada kifuani, anajifanya kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Mwite kwa jina lake. Mvutie kiti. Muulize ameona nini, na umsihi asikufiche.