Mwenye Ufunguo

Zahanati zetu zina vitabu vya MTUHA. Mgonjwa akiingia huandikwa, na mwisho wa mwezi muuguzi hukaa na kalamu yake akahesabu: surua wangapi, malaria wangapi, kina mama wangapi waliojifungua. Hesabu hiyo hupelekwa wilayani, ikaingizwa katika programu iitwayo DHIS2, iliyoundwa kwa lugha ya kompyuta ya Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Nimepata kula kwa kutunza programu za aina hiyo.

Programu kama hii haisimami peke yake. Huhitaji mwenyeji wa kuipokea ndani ya kompyuta, na aliyezoeleka ni Tomcat. Mwenyeji huyo aweza kuwekwa mara mbili katika mashine moja, mmoja wa kazi na mwingine wa mafunzo, kila mmoja na mlango wake na hifadhi yake ya takwimu. Kwa nje ni mapacha. Kinachowatenganisha ni mistari michache katika faili la mipangilio: wewe soma hapa, wewe soma pale.

Jumamosi moja, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilinakili faili la mwenyeji wa kazi nikampa yule wa mafunzo, nikasahau kubadili mstari mmoja. Wanafunzi wakajizoeza siku nzima, wakibuni surua huku na surua kule, kumbe wanaandika katika takwimu za kweli. Niligundua Jumapili usiku. Nikarudisha akiba ya Ijumaa, na kwa kuwa kumbukumbu ya nani kabadili nini imo humo humo, nayo ikarudi nyuma. Jumatatu hapakuwa na alama yoyote. Sikumwambia mtu.

Nilijitetea hivi: kosa limefutika, aliyedhurika hayupo, kusema kwafaa nini? Ndugu msomaji, usiidharau hoja hiyo. Seremala aliyekosea kipimo cha mlango, akautengeneza upya kabla mwenye nyumba hajafika, nani atamdai maelezo?

Lakini seremala hufuta kosa lake katika ubao wake mwenyewe. Mimi niliyeshika ufunguo nilifuta pia ushahidi ambao ungemtetea mtu mwingine. Hilo sikuliona mpaka miaka ilipopita, nilipokwenda Pongwe kusalimia nyumbani, nikapita kwa mama mmoja jirani aliyefanya kazi ya uuguzi katika zahanati ya mbali.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Bado uko kwenye hizo kompyuta? Zilinitia aibu mimi.”

Akanisimulia. Jumapili moja mkubwa wake alifungua taarifa akakuta zahanati yake ina surua 12. Kwa zahanati moja huo ni mlipuko. Akamwita kesho yake aeleze kwa nini hakutoa habari. Alipofika na kitabu chake, namba zilikuwa zimetoweka, akaulizwa amemtuma nani azifute. Hakufukuzwa kazi. Ila tangu siku hiyo kila mwezi alihesabu mara tatu, na bado hakujiamini.

Nilimwuliza ilikuwa mwezi gani. Akanitajia. Nikamweleza yote, la mstari na la akiba, na yeye akanisikiliza mikono ikiwa imetulia juu ya ungo.

“Kwa hiyo nilihesabu sawa?” aliuliza.

Nikamwambia alihesabu sawa. Alikuwa amekwisha kustaafu.