Kata Kushoto Mau Summit



Majuzi, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu alinifuata hadi nyuma ya kanisa akanieleza kwa sauti ya chini kwamba yeye na mumewe hawasemezani vizuri tangu waliporudi kutoka mashambani. Nilidhani ni pesa au pombe, maana hayo ndiyo tuliyoyazoea. Kumbe ni barabara. Mume alichagua njia bila kumwuliza mtu, mtoto akatapika toka Narok mpaka Bomet, na mama alipoomba wapumzike kidogo aliambiwa kwamba dereva katika gari ni mmoja. Akaniuliza, "Katekista, hili nalo ni jambo la kumsumbua Padre?"

Nilimwambia ni jambo la kuzungumza hata na Mungu mwenyewe. Sisi tunaofanya kazi Nairobi hufunga nyumba kila Krismasi na kila Pasaka, tukapakia unga, sukari, mafuta ya kupikia, blanketi za wazee na watoto juu yake, tukaondoka. Katika mafundisho ya ndoa tunawafundisha wachumba juu ya mapato, uzazi na malezi. Juu ya usukani hatuwaambii neno. Na bado nimeona ndoa iliyovumilia umaskini miaka kumi ikitikisika kati ya Naivasha na Gilgil kwa sababu mwanamume alitaka kulipita lori.

Fungua Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo amepatana na ndugu yake Esau baada ya miaka mingi ya uadui. Esau, mtu wa nguvu, mwenye watu mia nne nyuma yake, anamwambia waandamane pamoja. Yakobo anakataa kwa adabu. Anamwambia kwamba watoto bado ni wachanga, na kondoo na ng'ombe wananyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja watakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Tafadhali isome tena hiyo sura jioni mkiwa pamoja. Huyu ni baba wa makabila kumi na mawili ya Israeli, na haoni haya kumwambia mwanamume mwenzake kwamba safari yake inapimwa kwa miguu ya mtoto. Sisi je? Sisi tunapimana na ndugu zetu tukifika nyumbani: "Nimetoka Nairobi saa kumi na mbili, saa sita niko hapa." Hakuna anayeuliza mke ameshukaje kutoka katika gari hilo.

Siku hizi simu huongea. Inakuambia ukate wapi na zimebaki dakika ngapi. Ni msaada mkubwa, nami naitumia. Lakini simu haijui kwamba kitinda mimba ana kifua, wala haijui kwamba mama mkwe amemfunga kuku mguu tangu jana anakungoja.

Hapa niseme habari yangu mwenyewe, maana katekista asiyekiri makosa yake afadhali anyamaze.

Mimi ni mtu wa Webuye. Mwenzangu ni wa upande wa Awasi, katika tambarare za Kano. Tulifunga ndoa mwaka 2009. Kutoka Nairobi tunakwenda njia moja na wengine mpaka Nakuru, tunapanda Salgaa na Sachangwan, na tukifika Mau Summit barabara inagawanyika. Ukiendelea mbele utapita Timboroa, Burnt Forest, Eldoret na Turbo, kisha Webuye. Ukikata kushoto utapita Kericho, uteremke Awasi na Ahero mpaka Kisumu, halafu upande Kakamega mpaka Webuye. Nimepima kwa gari langu. Njia ya Eldoret ni kama kilomita 380, na ile ya Kericho ni kama 440.

Kwa ajili ya hizo kilomita 60, Desemba saba mfululizo sikukata kushoto. Nilikuwa na sababu zangu. Nilisema petroli ni ghali. Nilisema wazee wangu wananingoja. Nilisema ukweni hakuingiwi kiholela, ni lazima mtu apeleke habari mapema na ajiandae. Jambo hilo ni kweli kabisa, ila mimi hiyo habari sikuipeleka hata mara moja. Mke wangu hakubishana. Tukifika njia panda alikuwa akigeuza uso kuelekea dirishani, basi.

Desemba ya nane, mwaka 2016, binti yetu alikuwa ameanza kusoma, na njia nzima alisoma kila kibao. Pale Mau Summit akasoma Kericho, akauliza, "Mama, hiyo si njia ya kwa nyanya?" Mama yake akamjibu, "Ndiyo hiyo. Lakini gari la baba haliijui." Watoto wakacheka. Mimi nilishika usukani mpaka Timboroa bila kusema neno, na usiku ule kwa wazazi wangu sikupata usingizi.

Tukapeleka habari, na wakati wa kurudi tukapita Kano. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya barabara tangu saa mbili asubuhi. Sisi tulifika saa saba. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama barabara imeharibika sana siku hizi, maana watu wengi hawapiti.

Alifariki mwaka 2021. Katika Desemba kumi na mbili alizoishi tangu tufunge ndoa, alituona tano.

Ndugu zangu wanaume, Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na haikuongeza kwamba ni wazazi wa mume peke yao. Tena tazameni sura ya pili ya Mwanzo. Anayeambiwa kwamba atawaacha baba na mama yake ili aambatane na mwenzake ni mwanamume! Desturi zetu zimeligeuza jambo hilo, mwanamke ndiye anayeacha kwao, na sisi tukadhani ameacha kwao hata asipaone tena. Kwetu pia ni mwiko mkwe kulala ukweni, nami nauheshimu. Lakini hakuna mwiko unaokataza kufika saa tano, kusalimu, kula, kuomba pamoja na kuondoka saa tisa, mkalale Kakamega au mfike kwenu kabla ya giza kuingia sana.

Wengine watasema, "Katekista, umetuambia mwendo wa nyumbani, lakini njia salama ni ipi?" Kwa kweli hakuna upande wa kujivunia. Pale Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lililoanguka liliwaka moto na watu zaidi ya 100 wakafa. Karibu na Salgaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana usiku wa manane, wakafa 36. Na upande wa Kericho, katika njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliwavamia abiria na wachuuzi kando ya barabara, wakafa 52. Tuwaombee marehemu hawa wote. Kwa sababu hiyo mimi sisafiri usiku tena, hata kama ndugu zangu watanicheka. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri baada ya ishara ya msalaba na kumi moja la Rozari, na kwenye vituo vya biashara naenda kilomita 50 kwa saa kama sheria inavyotaka.

Kuteremka Bonde la Ufa nako kuna njia mbili, ya juu kupitia Limuru na Kinungi, na ya chini kupitia Mai Mahiu. Ya juu ina ukungu alfajiri, ya chini ina malori na kona. Wakati wa mvua za Pasaka mimi huchagua ya juu. Hatujasahau mafuriko ya Mai Mahiu ya tarehe 29 Aprili 2024 yaliyowachukua makumi ya watu usingizini. Desemba kukiwa kukavu napenda ya chini, kwa sababu ya lile kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakiitengeneza barabara ile. Nililipita miaka saba nikisema hakuna nafasi. Ni dakika kumi tu! Watoto hunyosha miguu, mama hupumua, na watu waliokuwa wamenuniana tangu Rironi huona haya kununiana mbele ya altare. Safari ikiangukia Jumapili, panga Misa kabla ya kupanga mafuta. Kericho kuna kanisa kuu la Moyo Mtakatifu lililofunguliwa mwaka 2015, na gari huegeshwa bila taabu.

Nanyi akina mama, nisiwaache. Kugeuza uso dirishani miaka saba hakunisaidia mimi wala mama mkwe. Sema mapema, mkiwa mezani nyumbani, wiki mbili kabla. Usingoje mteremko mkali ndipo umwambie dereva yaliyo moyoni. Na ukimwona anasinzia, mwambie asimame hata kama atakasirika.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 13, Waisraeli walipotoka Misri ilikuwapo njia ya karibu, ile ya nchi ya Wafilisti. Mungu hakuwapitisha huko. Aliwajua watu wake, kwamba wakiona vita watavunjika moyo na kurudi, akawazungusha kwa njia ya jangwani. Mwenye kuongoza safari huanza kwa kuwajua anaosafiri nao. Baba, unawajua walio katika gari lako? Nani hutapika, nani ni mjamzito wa miezi mingapi, nani ana mama anayengoja kando ya barabara?

Sasa nirudi kwa yule mama wa jumuiya yetu. Nilimshauri asimpeleke mumewe kwa Padre kwanza. Amwombe karatasi, waandike wote wawili njia ya Pasaka ijayo: mahali pa chai, mahali pa Misa, na saa ambayo hawatasafiri tena hata kama imebaki kilomita moja. Wakishindwana, waje kwangu Alhamisi baada ya mafundisho ya wakatekumeni, nami nitamleta mke wangu. Na ukurasa huu anaweza kumwonyesha, lakini amwonyeshe baada ya chakula cha jioni, si kabla.